Mgonjwa Ni Mimi

Jumanne, 4 Machi

Mbele ya daftari hili ni vipimo vya wateja: kifua, kiuno, nyonga, urefu wa mkono. Nyuma ni kwangu. Nimeligeuza juu chini ili mtu akilifungua aone namba tu, maana leo nina maneno na sina wa kumwambia.

Kipusa amepiga simu. Huyu ni mdogo wangu wa pekee, mama alimpa jina hilo akiwa na siku tatu duniani, na mpaka leo ana miaka arobaini na sita bado analitumikia. Hapigi simu bure. Mara ya mwisho alitaka kujua kama kabati la vyombo la mama bado ninalihitaji. Leo amenisalimia mimi, akasalimia na kuku wangu, kisha akasema anakwenda kufanyiwa upasuaji. Nikauliza, uvimbe? Akasema hapana, tumbo. Tumbo lina nini? Akacheka kidogo. Halina kitu, Dada, ila linaning'inia. Wanakata ngozi iliyozidi, wanabana misuli, wanashona. Baada ya hapo ni wiki sita za kupumzika, na hawezi kupumzikia kwake, majirani wana macho. Watoto wako shule ya bweni, na shemeji anafanya kazi nchi ya mbali, harudi mpaka Agosti. Anataka akirudi akute mke mwingine, yaani yeye mwenyewe.

Nikasema njoo. Ndivyo nilivyo mimi, mdomo unakubali leo, kichwa kinafika kesho yake.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua ya kwanza. Paa limevuja palepale, chumbani kwa mama. Nimeweka sufuria.

Ijumaa, 7 Machi

Kipusa ametuma kwenye simu karatasi ya kliniki, jinsi ya kuandaa nyumba. Nimeinakili hapa nisije nikaambiwa sikusoma. Kitanda kiwe cha juu, mgonjwa akikaa ukingoni miguu iguse sakafu na magoti yasipande kuliko nyonga, aweze kusimama bila kukaza tumbo. Mito minne, miwili mgongoni, miwili chini ya magoti. Kiti bafuni, aoge amekaa. Sakafu isiteleze. Vitu vyote anavyotumia viwe kati ya kiuno na bega, asiiname wala asijinyooshe. Asibebe kitu kizito kuliko birika kwa wiki sita. Kengele ya kuita. Awepo mtu mmoja wa kuwa naye siku zote.

Huyo mtu mmoja hawakumtaja, ila namfahamu vizuri.

Nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliwaza kazi. Mara ya pili nilimwaza mama. Mama alilala chumba hichohicho miaka mitatu, magoti yamegoma kabisa, kitanda kiko chini karibu na sakafu. Kila asubuhi nilichuchumaa, nikapitisha mikono kwapani, nikahesabu moja mbili tatu, nikamwinua. Mgongo wangu haujanyooka tangu siku hizo. Katika miaka mitatu Kipusa alikuja mara mbili. Mara ya kwanza na begi dogo, akalala siku mbili, akaondoka akisema harufu ya dawa inamuumiza kichwa. Mara ya pili alikuja kuzika, akalia mpaka watu wakamshika huku na huku. Mimi nilikuwa jikoni.

Hajawahi kuniambia asante kwa ajili ya mama. Silidai neno lenyewe, lakini nalisubiri. Sasa anakuja kulala kitanda kilekile, ahudumiwe na mikono ileile. Akitoka humu bila kulisema, basi sina mdogo. Nimeandika na sitafuta.

Jumapili, 9 Machi

Nimemwita seremala wa jirani. Nyuma ya bafu kuna lundo la matofali yaliyobaki tulipojenga ukuta, majani yameota juu yake miaka mingapi sijui. Nikachagua manne mazima, nikayasugua. Urefu wa mguu wa Kipusa ninao humu daftarini, nilimpima nikimshonea gauni la msibani, goti mpaka kisigino. Nikapima kitanda kwa tepu, tofali moja kila mguu likatosha sawasawa. Seremala akainua upande mmoja, mimi nikasukuma, akainua wa pili, nikasukuma. Maji niliyoyaweka jikoni kwa ajili ya chai yake hayakuwa yamechemka. Akacheka, akasema nimemwita mtu mzima kwa kazi ya dakika tano.

Akaziba na paa.

Jumatano, 12 Machi

Leo saa tatu asubuhi Shangazi kanipigia simu analia. Shangazi ni dada wa baba, ndiye mkubwa wa ukoo aliyebaki, na akijua jambo yeye, wamejua wote. Anasema mwanangu, unaumwa kiasi hicho na hutuambii? Nikamwambia siumwi, niko kwenye cherehani. Akazidi kulia, akasema Kipusa kamwonya kwamba nitakataa, kwamba najikaza, nisisumbuliwe.

Nikampigia mdogo wangu. Hakubabaika hata kidogo. Kazini asingepewa wiki sita za kukata tumbo, alisema, lakini ruhusa ya kuuguza ndugu inatoka siku hiyohiyo. Kwa hiyo mgonjwa ni mimi. Yeye ndiye anayekuja kuniuguza.

Nikamuuliza naumwa nini, angalau nijue.

"Ugonjwa wa ndani," akasema. "Wa ndani watu hawaulizi sana."

Nilikata simu. Nikakaa na mkasi mkononi, sikumbuki nilitaka kukata nini.

Ijumaa, 14 Machi

Mteja wangu wa nguo sita za harusi amekuja kuchukua vitambaa vyake. Kasikia. Kanishika mkono, kaniambia nijali afya, kazi ipo tu. Nilimwambia mimi mzima. Akaniangalia kwa huruma, akabeba vitambaa vyote sita.

Jumatatu, 17 Machi

Mvua tangu alfajiri. Nimepanda na kushuka na nyundo: rafu ya bafuni, rafu kando ya kitanda, ndoo juu ya stuli. Zulia la mpira mlangoni. Kengele nimepata ile ndogo ya shaba niliyokuwa nimeweka dukani zamani, wateja waigonge. Bi Sindano amepita kukagua. Huyu ni muuguzi mstaafu, nyumba ya tatu kutoka kwangu, watoto wa mtaa ndio waliompa hilo jina na yeye akalipenda. Tunataniana kwamba sote tumekula kwa sindano, tofauti wateja wangu hawapigi kelele. Huyu nimemwambia ukweli, maana atafunga vidonda. Akazunguka chumba, akabonyeza mito, akakaa ukingoni mwa kitanda akasimama, akakaa tena.

Akasema nimeandaa vizuri kuliko wodi aliyofanya kazi miaka thelathini. Nilifurahi, kusema kweli.

Alhamisi, 20 Machi

Amefika. Gari limemleta mpaka mlangoni. Ameshuka amejikunja, mikono imeshika tumbo, anatembea akiangalia vidole vyake vya miguu. Ubavuni imetoka mipira miwili, kila mmoja una kichupa mwishoni, humo unaingia uchafu wa kidonda. Nguvu za kuringa hana. Nilimkalisha kitandani, miguu ikagusa chini kama karatasi ilivyoagiza. Akafumba macho akasema, "Dada, pazuri hapa."

Ijumaa, 21 Machi

Kengele mara kumi na moja.

Jumamosi, 22 Machi

Kengele mara kumi na nne. Mto umeshuka. Mto umepanda. Feni. Feni inapiga sana. Maji, si ya baridi. Mvua.

Jumapili, 23 Machi

Leo nilikuwa namwaga vichupa, yeye kaangalia ukutani, akaanza kusema bila kuulizwa. Shemeji alipiga simu ya picha mwezi wa kumi na mbili, wenzake wamekaa naye mezani. Kipusa alikuwa amesimama jikoni na kanga kifuani. Shemeji akawageuzia wenzake simu, akawaambia tazameni, nimeacha mke nyumbani nitakuta gunia. Wakacheka wote. Na yeye Kipusa akacheka nao. Hilo ndilo linalomuuma, kwamba na yeye alicheka.

Nilimfuta uso. Nilimwona yule mtoto niliyekuwa nambeba mgongoni nikienda kuteka maji, na hasira zangu zote zikakosa pa kukaa, angalau kwa leo.

Jumanne, 25 Machi

Zimerudi. Asubuhi anakunywa uji, amejiegemeza kwenye mito minne, anatazama dirishani. Akasema, kumbe mama alikuwa analala raha humu, hewa inaingia, anaona nje.

Raha. Nikasubiri aendelee, nikafikiri labda ndipo neno langu litakapotokea. Akaomba sukari.

Alhamisi, 27 Machi

Kliniki wametoa mipira. Anatembea. Bi Sindano amemwonya mbele yangu: tumbo kwa nje limeziba, ndani bado bichi, akiinua kitu litaachia.

Jumamosi, 29 Machi

Kwenye kundi la familia la simu ndiyo habari pekee. Kipusa kaandika: "Dada amepata usingizi leo, nimemgeuza mara mbili, tuzidi kumwombea." Kumgeuza! Aliandika akiwa amejilaza, mimi namkata kucha za miguu, kwa sababu hawezi kuinama. Zikamiminika sifa. Binamu mmoja: Kipusa una moyo wa mama yako. Mwingine: ndugu ndio hao, wengine tumezaliwa pamoja na watu tu. Shangazi kaandika kwamba wakati wa mama alimlaumu Kipusa kimoyomoyo, sasa anamwomba radhi hadharani.

Nilipokuwa namgeuza mama mara nne kwa siku, kundi hilohilo lilikuwa linatumiana picha za maua.

Niliandika, "Siumwi." Nikafuta. Nikaandika, "Nashukuru." Nikatuma.

Jumatatu, 31 Machi

Nitaandika yote.

Saa nne asubuhi Shangazi kapiga simu kutoka kituoni. Mvua imemshika, tumsubiri na chai, harudi nyumbani mpaka amwone mgonjwa kwa macho yake. Kutoka kituoni mpaka kwangu ni dakika kumi kwa mguu wake. Kipusa alikuwa kitandani, mimi niko kwenye mashine, pini mdomoni. Nikamwambia basi yamekwisha, tumwambie ukweli, Shangazi ni mama yetu. Kipusa alikuwa ameshateremka. Kukaa, miguu chini, kusimama, hakukunja hata uso. Kitanda kilimfanyia kazi yote. Akakaza mkanda wa tumbo, akavaa gauni lake pana la bluu juu yake.

"Dada, panda."

Nilifikiri utani. Akavuta shuka. Alikuwa analia, machozi kimya kimya, anasema kazini kwake Shangazi anawafahamu, bosi ni mtoto wa shoga yake Shangazi, akijua leo kesho hana kazi, na shemeji atapigiwa simu jioni, gunia limejikata lenyewe, acheke tena. Basi nikatema pini, nikavua viatu, mimi na nyuzi zangu kwenye sketi, nikapanda kitanda cha mama.

Sikuwahi kukilalia tangu afariki.

Shangazi aliingia amelowana, mwili mzima unavuja, akanikumbatia, akanipima paji la uso kwa mgongo wa mkono. Akasema mbona homa hana. Kipusa akajibu kwamba homa iko ndani. Karibu nicheke na kuharibu kila kitu. Chai ikaja, Kipusa ameishika chupa kwa mikono miwili, hatua fupi fupi. Shangazi akamtazama kutoka juu mpaka chini, akatikisa kichwa kwa uchungu. Akasema nione mwenzangu alivyokwisha kwa kunihudumia, tumbo lote limekwenda, kabaki kiuno.

Nilivumilia. Nilivumilia hata aliposema kwamba nilipe wema huu nikipona. Kisha akaniona nimelala chali, akakasirika. Mgonjwa halazwi hivyo, mgongo utaota vidonda. Akamwita Kipusa, akamwonyesha kwa mikono yake.

"Mshike kwapani, umkalishe. Dada yako alikuwa anamwinua mama yenu hivi kila siku, hukuona?"

Kipusa akaja. Akainama juu yangu, na macho yake yakaniomba. Nilielewa anachoomba. Kitanda ni cha juu, mito iko mgongoni, nilikuwa na viwiko viwili vizima. Ningejisukuma kidogo tu, yeye angejifanya anainua, Shangazi angeridhika. Mikono yake ikapita chini ya kwapa zangu. Nikasikia pumzi yake karibu na sikio.

Nikajilegeza.

Naandika tena nisije kesho nikajidanganya: nilijilegeza makusudi. Nilimwachia kilo zangu zote sabini na nane. Nilitaka ajue, mara moja tu katika maisha yake, uzito wa mtu asiyejiinua. Akavuta. Akavuta tena. Nilisikia pumzi ikimkatika, lakini sauti hakutoa. Akanifikisha kwenye mito, akanifunika, akanyoosha shuka, akatoka akitembea wima kabisa. Shangazi akamwombea baraka mpaka alipotoweka mlangoni.

Mvua ilimweka Shangazi saa nzima zaidi. Alipoondoka nilimkuta Kipusa bafuni, amekaa kwenye kiti nilichomwandalia, ameshika gauni kwa ngumi. Chini ya kitovu, doa lilikuwa limefika ukubwa wa sahani.

Bi Sindano alikuja mbio, kandambili moja tu mguuni. Akafungua, akaangalia, akaniuliza nani amembebesha mzigo huyu.

Nikasema aliinama kuokota kijiko.

Jumanne, 1 Aprili

Nyuzi zilikuwa zimeachia upana wa vidole vinne. Wamemshona tena, wakamrudisha jioni hii. Kovu halitakuwa mstari ulionyooka tena, daktari kasema, upande wa kushoto litapinda. Kipusa kawaambia alinyanyua ndoo. Hakunitaja.

Nilimkalisha, nikapanga mito. Nilikuwa nimegeuka kutoka aliposema, taratibu, bila hasira:

"Ulijilegeza, Dada."

Ningeweza kukataa. Badala yake miaka yote ikanijia mdomoni kwa pamoja. Nikamwambia mama alikuwa mzito kuliko mimi. Nikamwambia kila asubuhi, miaka mitatu, mgongo huu. Nikamuuliza alikuwa wapi. Nikamwambia ninachosubiri kwake ni neno moja tu na hata hilo limemshinda. Nilisema mpaka sauti ikakauka.

Alinitazama usoni. Nikajua sasa linakuja.

"Nilikuwa mbali, sikatai," akasema. "Nilikimbia. Lakini wewe ulikuwa hapa." Akapiga godoro kwa kiganja, mara mbili. "Na haya matofali yalikuwa hapa. Nimekutumia karatasi Ijumaa, Jumapili kitanda kimepanda. Kwa mama ulikuwa unamsubiri nani akutumie karatasi?"

Nikatoka. Nikakaa kwenye mashine, nikashona mkono wa shati ndani nje. Miaka thelathini ya ufundi, sijawahi.

Jumatano, 2 Aprili

Nilikuwa nimechoka. Nani aliniambia? Mimi si muuguzi. Nilikuwa nashona mchana, nampikia, namwogesha, nafua. Ningejulia wapi habari za matofali? Yeye hana haki ya kusema. Asiyekuwepo hana haki ya kusema.

Kiti cha bafuni nacho ni kilekile nilichokuwa nakalia dukani. Mama nilimwogesha amesimama, ameshika bomba.

Alhamisi, 3 Aprili

Kengele: hakuna.

Ijumaa, 4 Aprili

Kengele: hakuna. Nimekwenda mwenyewe kila saa. Anasema hana shida. Mvua imeharibu mahindi yaliyoanikwa ya Bi Sindano, ametukana mpaka mtaa wa pili.

Jumatano, 9 Aprili

Bado hagongi. Nilitamani kengele ilie. Nimekuwa mtu wa ajabu.

Jumanne, 15 Aprili

Bi Sindano amemaliza kufunga kidonda, akanifuata kwenye mashine. Alikuwa anakuja wakati wa mama pia, kumpima presha. Nikamuuliza, kana kwamba nauliza bei ya uzi, kama kipindi kile kitanda kingepandishwa mama angeweza kusimama mwenyewe. Akafikiri. Hajui kumpaka mtu mafuta, huyu mama.

Akasema miaka miwili ya kwanza, ndiyo, pengine. Mwaka wa mwisho, hapana.

Nikamuuliza mbona hakuniambia.

"Nilidhani unapenda kumwinua," akasema. "Ulikuwa hutaki mtu akusaidie. Ukija mtu, unasema ona ninavyomwinua mwenyewe."

Nilikumbuka. Nilikuwa nasema hivyo, tena kwa sauti, dirisha wazi.

Jumamosi, 26 Aprili

Ameondoka. Jana nilimbania gauni kiunoni, inchi tatu kila upande, akajitazama kwenye kioo cha wateja kwa muda mrefu. Akafunua, akaniomba nimwonyeshe kovu lilipopinda. Nilimwonyesha kwa kidole. Akasema shemeji hatatazama kwa makini kiasi hicho. Tukacheka wote wawili, kicheko kibaya.

Asubuhi majirani walikuwa nje, mvua imetulia. Nilibeba begi mimi. Nilikuwa nimeliandaa neno, samahani, limekaa tayari tangu alfajiri. Nadhani na yeye alikuwa na lake, maana alifungua mdomo mara mbili. Kisha akawaona majirani. Akanikumbatia kwa uangalifu, tumbo lake mbali na langu, akasema kwa sauti ya kusikika na wote:

"Ugua pole, Dada. Usinyanyue vitu."

Gari likaondoka. Lake alikwenda nalo, na langu nikarudi nalo ndani.

Jumatatu, 28 Aprili

Kundi la familia: Dada amepona, Mungu mkubwa. Mioyo mia. Shangazi kapendekeza Kipusa apewe zawadi na ukoo. Nimechangia.

Jumapili, 4 Mei

Mvua zimekwisha. Wateja wanaanza kurudi, wananisifu nimepona upesi. Mmoja kaniambia rangi imenirudi.

Leo nimemwita seremala ashushe kitanda, nikisema chumba nitaweka mashine. Akainua upande mmoja, mimi nikavuta matofali, akainua wa pili. Dakika tano tena. Akauliza ayapeleke wapi. Nikasema palepale yalipokuwa, nyuma ya bafu.

Alipoondoka nimekaa kwenye kitanda cha mama. Ni chini kweli. Magoti yamenifika karibu na kidevu, na kusimama nimeshindwa mara ya kwanza, nimebaki nimekaa. Nimefungua dirisha. Mvua imelaza majani yote nyuma ya bafu, na lundo liko wazi tena, kama kabla hayajaota, matofali yanatosha kupandisha vitanda vya nyumba nzima. Hapa alipokuwa akilala mama, lote linaonekana.

Na alikuwa analiona. Kila asubuhi, nikishamwinua, mimi ndiye niliyekuwa namgeuza aangalie dirishani.